Redio Iliyosikia

Baba mkubwa alipofariki, ndugu waligawana vitu vyake bila ugomvi: koti la sherehe, baiskeli, saa ya ukutani, godoro. Redio haikutakiwa na mtu. Ni sanduku la mbao, zito kama mtungi uliojaa, na watu siku hizi wana redio za kubeba mkononi. Nikasema naichukua mimi. Binamu yangu Elia alinitazama kwa mshangao, maana katika watoto wote waliopita katika nyumba ile, mimi ndiye niliyedhaniwa kuwa sitaki ukumbusho wowote.

Niliipeleka kwa fundi mwenye kibanda cha mbao nyuma ya soko. Akaifungua mgongo, akapuliza vumbi, akaunganisha nyaya kwenye betri ya gari, tukasubiri. Taa zake za ndani zilianza kuiva polepole, nyekundu kama makaa chini ya majivu, kisha ikaja harufu: vumbi linaloungua, mbao iliyopata joto, na nyuma yake kitu kichungu kama shaba mdomoni. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe mgongoni, kumshika mtoto ambaye hakuwapo. Nikamuuliza fundi kitu, sikumbuki kitu gani.

"Dada," akasema, "mbona unanong'ona?"

Sikuwa najua kwamba ninanong'ona.

Nililetwa mjini wakati wa masika, enzi za Mwingereza, meno yangu ya utoto yakiwa hayajaisha kung'oka. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Kaka yake, aliyekuwa karani katika ofisi ya kahawa mjini Arusha, alipanda kwetu mlimani, juu ya Usa River, akaketi kwenye kigoda cha marehemu na kumwambia mama, "Shemeji, huyu mtoto ana kichwa. Mjini kuna shule yenye madawati. Nipe nikamsomeshe." Mama hakuwa na neno, kwa sababu mtu aliyekalia kigoda kile hakatazwi jambo. Siku ya gulio alikwenda Tengeru, akarudi na kitambaa cha buluu, akanishonea gauni la shule kwa mkono, mishono midogo iliyofuatana kama siafu. Akalikunja ndani ya jani kavu la mgomba lisichafuke njiani. Nililibeba kifuani hadi mjini, na likabaki ndani ya jani lake.

Maana nilipofika, mama mkubwa alinipokea vizuri, akanipa uji, kisha akanifunga Elia mgongoni. "Mwenzako huyu," alisema. "Siku akitembea, na wewe unaanza shule." Sikuona ubaya. Watoto hutembea, nilijua hivyo. Sikujua kwamba Elia alikuwa mtoto mzito asiye na haraka, wala kwamba nimekatazwa kumweka chini, sakafu isije ikampa kifua. Mtoto asiyewekwa chini atajifunza wapi kutembea? Swali hilo limenijia ukubwani. Wakati ule nilimbeba tu, nikisubiri.

Kila asubuhi mama mkubwa alikwenda kuuza maziwa ya mgando sokoni, na alipotoka alitia kufuli mlango wa mbele, kwa nje. Siku ya kwanza niliposikia ule ufunguo ukizunguka nilikimbilia mlangoni.

"Sikufungii wewe," alisema kutoka upande wa pili, bila hasira. "Nawafungia wezi."

Nikabaki na Elia, na vyumba viwili, na kiua cha nyuma kilichozungushiwa mabati ya madebe yaliyokunjuliwa. Juu ya mabati yale niliuona mlima Meru, kichwa chake kikiwa wazi asubuhi na kufunikwa na mawingu kabla jua halijapanda sana. Ni mlima uleule, lakini mjini hapa niliutazama ubavu ambao si wetu. Mama alikuwa ubavu mwingine, nyuma ya bega la mlima. Nilijifunza kulichukia lile bega.

Nyumba yenyewe ilikuwa nusu nyumba. Bati lilikuwa moja kwa familia mbili, na katikati palikuwa na ukuta wa udongo uliopanda kupita kichwa cha mtu mrefu kisha ukakoma. Hapakuwa na dari. Upande wa pili alikaa Bi Mwanaidi, mwanamke wa Pangani, na mumewe Mzee Hamisi aliyezunguka magulioni akiuza chumvi na samaki wakavu. Harufu ya nazi yao ilitupitia juu ya ukuta, pamoja na kikohozi cha Bi Mwanaidi na wakati mwingine sauti yake: "We mtoto, umekula?" Sikumjibu. Mama mkubwa alikuwa ameniambia kwamba wale wana dini yao na sisi tuna yetu, salamu zao ziishie mlangoni. Kwa kuwa mlango ulikuwa na kufuli, sikuwa na mahali pa kuzimalizia.

Jioni ndipo nyumba ilipofunguka kidogo, kwa sababu ya redio. Ilikaa kwenye meza yake peke yake, juu ya kitambaa cha kufuma, na waya wake ulipanda hadi nje juu ya bati. Baba mkubwa alioga kwanza ndipo aiwashe. Tulisubiri taa za ndani zipate moto, ile harufu ikaja, kisha jicho likafunguka. Lilikuwa jicho la kijani, dogo, lililowekwa juu ya maandishi ya stesheni. Baba mkubwa alipozungusha kitufe lilikuwa likipanuka na kubana, kama la paka anayekufikiria.

Mtangazaji alianza daima kwa kutusalimu. "Hamjambo wasikilizaji?" alisema, akanyamaza kidogo. Mimi nilifundishwa kwamba mkubwa akikusalimia unajibu. "Hatujambo, shikamoo," niliitika, na Elia mgongoni. Baba mkubwa alicheka hadi akavua miwani.

Alikuwa mwema kwa namna yake. Alipenda kuulizwa. Nyumbani kwetu mama alinikaririsha katekisimu jikoni huku akimenya ndizi, swali na jibu, na kila swali lilikuwa na jibu lake limelisubiri tangu zamani. Baba mkubwa naye alilelewa humo humo, kwa hiyo tulielewana. "Haya, uliza," alisema, nami nikauliza kama niko mbele ya mchungaji.

"Redio ni nini?"

"Redio ni chombo cha kupokea sauti kutoka mbali."

"Watu wamo ndani?"

"Hawamo. Wako Dar es Salaam, wamekaa chumbani, wana chai mezani."

"Sauti inapita wapi?"

"Hewani. Inakuja kwa mawimbi."

"Mawimbi ni nini?"

Hapo alisita, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa ameona bahari. "Ni kama maji yanayotembea," alisema mwishowe, nami nikaridhika kabisa. Maji yanayotembea niliyajua. Kwetu mfereji unashuka kutoka msituni, unapita mashamba ya kila ukoo, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungua mchepuo. Nikaona angani mfereji wa sauti, na waya wetu juu ya bati ni mchepuo wetu, na jioni ndiyo zamu yetu.

"Kwa nini betri hufa?"

"Haifi, inachoka. Ukiipeleka gereji inalishwa umeme, inaamka."

"Lile jicho linaona?"

"Haliangalii watu. Linaonyesha kama stesheni umeipata sawasawa."

"Redio inasikia?"

Baba mkubwa alifungua mdomo. Nakumbuka alivyoufungua, na jibu likiwa tayari kwenye ulimi wake. Lakini mama mkubwa alitangulia, amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. "Inasikia," alisema. "Kila kitu. Mimi nikirudi sokoni ndiyo ninayoiuliza kwanza: leo huyu amefanya nini?"

Nilimgeukia baba mkubwa. Alimtazama mkewe, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyeonjeshwa utani wa nyumbani, akafungua gazeti lake. Na mtoto wa katekisimu hajui swali lisilo na jibu. Jibu lililotolewa ndilo nililochukua.

"Na ikizimwa?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Ikizimwa imefumba jicho," mama mkubwa alisema. "Wewe ukilala, masikio yako unayafumba na nini?"

Tangu siku hiyo nyumba ilipungua. Mchana, redio ikiwa imezimwa, nilipita mbele yake kama mtu apitavyo mbele ya mzee aliyesinzia. Mara moja nilijaribu. Nilichukua sukari kidogo kwenye mkebe, nikalamba, nikampa na Elia, nikimwambia kwa sauti ya kawaida kwamba mama hatajua. Mama mkubwa aliporudi alimpokea mtoto, akamtazama, akaniuliza kuhusu sukari kabla hajavua viatu. Leo najua sukari ilikuwa imeganda kwenye kidevu cha Elia. Siku ile nilitazama redio tu, nayo ilikuwa imekaa kimya juu ya kitambaa chake, jicho limefumbwa, na nilijua.

Nikaacha kuimba. Nikaacha kusema peke yangu, jambo ambalo mtoto aliyefungiwa analihitaji kuliko chakula. Nilipotaka kulia nilitoka kiuani, nikaweka uso kwenye gunia la mkaa. Nikimbembeleza Elia nilimnong'oneza sikioni, maneno yasidondoke. Watu wazima walishangaa kwa nini Elia anachelewa kusema. Mimi sikushangaa. Yule mtoto alidhani kusema ni pumzi tu.

Asubuhi, kupitia ufa wa mlango, niliona miguu ya watoto wa shule ikipita. Uso sikuuona, ufa ulikuwa chini. Niliijua miguu ile mmoja mmoja: wenye kovu, wenye kutu ya udongo mwekundu, mmoja aliyeruka kila dimbwi. Nilikaa na gauni langu mapajani, ndani ya jani lake, na jani lilianza kuvunjika pembeni. Salamu zilizokwenda kwa mama zilitumwa na baba mkubwa kupitia watu wa kahawa: mtoto hajambo, anaendelea. Mama alielewa anaendelea na shule.

Kisha Elia akatembea. Alitembea kiuani, mama yake alipomtua mara moja, hatua za mlevi, kutoka kwenye mlango wa jiko hadi magotini pangu, akaanguka akicheka. Mama mkubwa aliona. Nililia kwa furaha, nikaingia ndani na kutoka na gauni. Alinitazama nikiwa nimelishika, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa kama wa mtu anayeona haya. Akaweka mkono tumboni.

"Ngoja huyu mwingine azaliwe," alisema. "Ukiniacha sasa nitafanyaje? Huyu naye akitembea, basi."

Sijui kama nimewahi kuelewa tena jambo kwa ukamilifu kama nilivyoelewa pale. Watoto wangezaliwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja angenipandia mgongoni kabla wa kwanza hajashuka. Gauni lingekuwa dogo. Bega la mlima lisingesogea.

Siku iliyofuata, kufuli lilipokwisha kulia na nyayo za mama mkubwa kuishia barabarani, nilimlaza Elia, nikaenda kusimama mbele ya redio. Nilikuwa nimewaza usiku kucha, na niliwaza kwa nguvu zote za akili ya mtoto mwerevu aliyepewa jibu la uongo. Redio inasikia. Kuna kipindi cha salamu, na ndani yake watu wa Moshi na Tanga wanawasalimu mama zao. Nilidhani wanasema na redio zao, na redio inapeleka. Dukani kwa Mhindi, kwenye njia panda ya kwetu, kuna redio, na mama hupita pale akienda gulioni. Basi kile kinachonichunga ndicho kinachoweza kunitoa. Nikazungusha kitufe.

Ilichukua muda. Harufu ikaja, nikaogopa itabaki ndani mpaka jioni. Jicho likafunguka, kijani, likabana. Muziki, kisha yule mtangazaji, mwanamume mwenye sauti ya kushiba.

"Hamjambo wasikilizaji?" akasema, akanyamaza kidogo, kama kawaida yake.

Mtu wa kwetu hata akiwa na msiba mlangoni huanza kwa kusema hajambo. Habari mbaya huja baadaye, na huja kwa adabu. Kwa hiyo nikasema, "Sijambo, shikamoo." Na kwa kuwa nilijua Dar es Salaam ni mbali, na mfereji ni mrefu, sikunong'ona. Nilisema kwa sauti yangu yote, ile iliyokuwa imefungwa miezi mingi, ikatoka imekwaruza.

"Sijambo, lakini naomba umwambie mama yangu. Anaitwa Ndeshi, mjane wa Petro, anauza ndizi gulioni Tengeru. Mwambie sijaenda shule. Hata siku moja sijaenda. Gauni limo kwenye jani lake. Namlea Elia, ametembea, na sasa kuna mwingine tumboni. Nafungiwa kwa kufuli. Mwambie mama mkubwa si mbaya, ila nataka kurudi nyumbani. Tafadhali usimwambie yeye kwamba nimekwambia."

Mtangazaji hakunijibu. Alikuwa akimsalimu mtu wa Korogwe. Nikaona ni haki, kila mtu na zamu yake. Nikaizima. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya, hata kikohozi hakikusikika.

Jioni baba mkubwa alishika ubavu wa redio, akasema, "Betri hii inachoka upesi siku hizi." Nikamtazama mama mkubwa. Lakini mama mkubwa hakuniuliza kitu, jioni hiyo wala iliyofuata, na nikaielewa hivi: redio imekubali ombi langu la mwisho. Imenyamaza kwa ajili yangu. Nikaipenda. Mchana nilikuwa nikiifuta vumbi bila kutumwa.

Mama alikuja Jumapili, baada ya ibada, akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Miguu yake niliiona kwanza, chini ya mlango. Siku hiyo wote walikuwa nyumbani na kufuli halikuwapo. Aliingia, akatua mkungu, akanitazama muda mrefu mahali mgongo wangu ulipopinda, na hakunikumbatia. Alimsalimu shemeji yake ipasavyo, akakubali chai. Kwa Kimeru waliulizana habari za kahawa, mvua, ng'ombe. Mimi nilisimama na Elia mgongoni, nikijua kwamba adabu ile ikiisha kitatokea kitu.

"Na mtoto," mama alisema mwishowe, "yuko darasa gani?"

"Anaendelea," alisema mama mkubwa. "Mdogo wangu, kunywa chai."

"Naambiwa hajaanza."

Kikombe cha baba mkubwa kilibaki hewani. Mama mkubwa akacheka kidogo. "Umeambiwa na nani? Hapa haingii mtu."

Mama alikuwa mwanamke wa kanisa, asiyesema uongo hata kwa mtoto anayekataa dawa, nami niliona jinsi anavyotafuta mahali pa kuweka macho yake. Hakupata mahali ila mezani, kwenye lile sanduku la mbao, kitu kigeni kwake ndani ya chumba kile. Akalitazama. Nami nikalitazama, kwa shukrani zangu zote. Mama mkubwa aliyafuata macho yetu, mama na mwana, mpaka yalipofika.

Uso wake ulibadilika polepole. Alimgeukia mumewe, na hakukuwa na utani wowote katika sauti yake. "Baba Elia," alisema. "Hiki kitu kinasikia?"

Swali langu, neno kwa neno. Baba mkubwa alifungua mdomo, kama siku ile. Alimtazama mkewe, akamtazama mjane wa mdogo wake, akanitazama mimi na mzigo wangu. Nafikiri alihesabu ni nini kitatokea akitoa jibu la kweli, na swali gani litafuata. Kisha akashika gazeti lake, akalifungua.

Mama alinyanyuka, akanifungua Elia mgongoni kwa mikono yake, akampa mama mkubwa. "Shemeji, ahsante kwa malezi," alisema. "Shule ya kule kwetu haina madawati, lakini ina mlango wazi." Elia alinililia hadi tulipofika barabarani, kwa sauti kubwa, na ndiyo mara ya kwanza niliyoisikia sauti yake yote.

Njiani, jani la mgomba likiwa kifuani pangu, nilimuuliza mama kama alinisikia vizuri pale dukani kwa Mhindi. Alisimama. "Nilisikia," alisema, "yatosha," akaendelea kutembea. Niliishi na jibu hilo miaka yote. Nilisoma nalo, nikawa mtu mzima nalo, hata nilipokwisha kujifunza darasani jinsi redio inavyofanya kazi na jinsi isivyofanya. Kuna mambo mtu anayajua kichwani na mengine mgongoni.

Kwenye matanga ya baba mkubwa, Elia alinisimulia kwamba mama yake, mpaka alipokufa, hakuwahi kusema jambo la siri ndani ya sebule ile. Aliifunika redio kwa kanga, na bado, akitaka kumteta mtu, alitoka kiuani. Hata ugonjwa wake wa mwisho aliueleza kwa kunong'ona. Elia alicheka akisimulia. Mimi sikuweza.

Siku hiyo hiyo alikuja Bi Mwanaidi kutoa pole, mzee sasa, akiongozwa na mjukuu. Nilimwamkia, akanishika mkono, akakohoa. Nilikijua kikohozi kile kabla ya uso.

"Umekua," alisema. "Siku ile nilidhani unakufa, ulivyopaza sauti. Mtoto niliyemuuliza kila siku umekula, asinijibu, leo anaongea na redio. Nikamwambia Mzee Hamisi, kesho usiende gulio jingine, nenda Tengeru, utafute muuza ndizi anayeitwa Ndeshi. Na umwambie asinitaje. Mimi na Mama Elia tuna ukuta mmoja."

Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, hata kupitia juu ya ukuta, kwamba amenisikia, nipate kulala.

"Mwanangu," alisema, "mtoto anayeitikia salamu za redio, siri ataiweka wapi?"

Kibandani, fundi alikwisha kuipata stesheni. Jicho la kijani lilibana, limefifia lakini bado hai. "Nzima kabisa," alisema, akikusanya bisibisi zake. Mtangazaji, kijana ambaye pengine hakuwa amezaliwa wakati ule, alitusalimu. Hamjambo wasikilizaji. Akanyamaza kidogo.

"Hatujambo," nikaitika, kwa sauti yangu yote. Fundi akacheka. Mimi nilikuwa nimeinua macho, natazama pale ukuta wa mbao unapokoma, kabla haujafika kwenye bati.